Kidevu cha Baba Mchana wa Ramadhani

Nikipita mahali wanapofunga miraa, harufu ya majani mabichi ya mgomba hunirudisha moja kwa moja kwenye bucha la baba yangu, mtaa wa Majengo, mjini Meru. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa muuza miraa, na majani yake ya kufungia yalilundikwa barazani kwetu, yakinukia kuliko hata nyama. Mimi nilikuwa na kreti yangu ya soda pembeni ya mizani, nikiandika kazi ya shule, kwa sababu nyumbani wadogo zangu hawakuniacha nipumue.

Kwanza mjue kwamba baba yangu Bakari alikuwa na kidevu kisichotulia. Akilala kilikuwa kidevu kama cha mtu yeyote, chenye ndevu chache ambazo mama alizitania. Lakini akikaza uso kupima nyama, kilianza kuchezacheza harakaharaka, juu na chini, mdomo ukiwa umefungwa. Mikono nayo ilitetemeka kidogo, ndiyo maana kikombe chake cha chai hatukukijaza kamwe. Mama alisema ni baridi ya Meru ilimwingia utotoni, na kwa jinsi Julai ya kwetu ilivyo, sote tuliridhika na jibu hilo.

Ramadhani ilikuwa habari nyingine. Tumbo likiwa tupu kidevu kilizidi, na kufikia alasiri ungemwona kutoka ng'ambo ya barabara ukaapa kwamba yule mtu anatafuna. Na Meru, mtu akitafuna hivyo bila kumeza, hakuna anayeuliza ni nini: ni miraa.

Aliyelisema kwa sauti alikuwa Mama Kinoti, muuza mboga, mama wa kanisa aliyetupenda sana na ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Bakari, hata wewe unatafuna saa hii? Na mwezi si ni wenu?" Wateja wakacheka. Baba naye akacheka, akamwongezea kipande cha mfupa. Mimi sikuona cha kuchekesha, ila nilidhani mambo yameishia hapo.

Hayakuishia hapo. Siku chache baadaye wasichana wa madrasa waliniuliza kama baba huwa anatafuna miraa ya Kangeta au ya Maua. Niliwaambia baba yangu amefunga. Nilisema nikilia, na mtoto akilia kwenye ubishi ameshashindwa. Mnielewe, haikuwa utani tu. Waislamu wa Majengo walikula kwa kisu cha baba. Kuku wa Idi, mbuzi wa akika ya watoto wachanga, wote aliwachinja yeye. Mtu anayekula mchana wa Ramadhani, nani angeamini kisomo chake juu ya mnyama? Wateja wakaanza kupita mlangoni kwetu wakiangalia simu zao.

Ndipo alipokuja Mzee Idi, mkubwa wa kamati ya msikiti, pamoja na wanaume wawili. Alisalimia vizuri, akauliza hali ya mama, akazunguka weee, kisha akasema, "Bakari, watu wanasema. Mimi siamini. Lakini nikiulizwa, nataka niseme nimeona kwa macho yangu. Hebu fungua mdomo."

Baba aliweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye aproni, polepole, kidole kimoja kimoja. Kidevu kilikuwa kinacheza kuliko nilivyowahi kukiona, na moyoni nikajisemea, Mungu wangu, kumbe ni kweli. Kisha akaufungua mdomo wake, mtu mzima, mbele ya wateja, kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari. Ulimi ulikuwa mweupe, umekauka. Hamkuwa na kitu. Na hata ukiwa wazi vile, kidevu kiliendelea kutetemeka. Wakati wote huo hakumwangalia Mzee Idi. Aliniangalia mimi.

"Basi, basi," Mzee Idi akasema, macho chini. "Tusameheane." Mmoja wa wale wawili akaagiza nyama ambayo nina hakika hakuihitaji. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na sikujua kama ni aibu ya baba, ya wale wazee au yangu mwenyewe.

Wateja walirudi. Lakini tangu siku hiyo, Ramadhani ikifika, baba alijifunga kitambaa kidevuni na kusema jino linamuuma. Mtu ambaye hakuwahi kumdanganya mteja hata gramu! Tena akaanza tabia ya kunikodolea macho mdomoni nikila, nikisoma, nikiimba kaswida. Nilijua sababu, au nilidhani najua: nilikuwa nimemwona akilazimishwa kufungua mdomo, na hakunipenda tena kama zamani.

Sasa mimi ni mwalimu huku Embu. Mwaka jana, nikisoma matangazo mbele ya wanafunzi, kidevu changu kilianza kucheza. Wasichana wa nyuma waliniiga, wakidhani sioni. Daktari aliniambia ni mtetemo unaorithiwa, kwamba njaa huuzidisha, uchovu huuzidisha, na kutazamwa na watu huuzidisha kuliko vyote. Nilitoka pale nikiwafikiria wale wanaume watatu mbele ya mizani.

Jioni nikampigia baba. Ni mzee sasa, bucha ameliachia ndugu yangu.

"Baba, na changu kimeanza."

Akasema, "Mama yangu naye chake kilicheza hivi. Siku ile ya Mzee Idi, mimi nilikuwa naangalia chako, kama kinacheza. Nimekiangalia miaka yote hii, nikimwomba Mungu kisianze. Nisamehe, mwanangu."

Miaka yote hiyo mimi nilikuwa nimehamisha sahani yangu jikoni, nikila peke yangu, ili asinione.