Ndege wa Uani kwa Mama

Mke wa mwanangu ana nyumba mpya huku Gombani, na nyuma ya nyumba ana kibustani anachokipenda kuliko vyombo vyake vya kabatini. Juzi nilipomtembelea alinishika mkono akanitoa nje hata chai sijamaliza.

"Mama, njoo unisaidie," akaniambia. "Nataka ndege waje. Nimeweka maji, nimemwaga mchele, hawaji. Ndege wanapenda nini?"

Nikamjibu bila kufikiri. Nikamwambia beseni lake lina kina kirefu mno, ndege mdogo anaogopa maji asiyoyaona chini. Atafute kigae cha mtungi, na katikati atie jiwe la kusimamia. Ule ua wa mchongoma asiupogoe, kwa kuwa ndege hatui mahali asipoona pa kukimbilia. Mpapai mmoja auwache, matunda yaivie juu kwa juu. Paka amtafutie nyumba nyengine. Akacheka, akaniuliza, "Haya yote umejifunza wapi, mama?" Nikamwambia nataka kukaa.

Sikumjibu. Nakujibu wewe, rafiki yangu, maana mtu akifika umri huu huwa anatafuta wa kumwambia.

Sisi tulikaa upande wa Mtambile, nyumba ya udongo na makuti juu ya kilima kidogo. Nyuma yetu mikarafuu ya watu, mbele yetu bonde la mpunga. Asubuhi niliamshwa na mlio wa vinu, cha mama na cha jirani yetu, vikipokezana kama vinasemezana. Msimu wa karafuu nguo zetu, mito yetu, hata maji ya mtungini yalinuka karafuu. Wali tuliokula ulitoka kwenye bonde lile: mwekundu, mzito, ukiutilia tui na kipande cha papa mkavu hukutaka kitu chengine. Jirani yetu alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, msichana wa rika langu. Kipande chao cha mpunga kilipakana na chetu, kati yake tuta jembamba ambalo mimi na yule msichana tulilikalia kuliko mikeka ya kwetu. Tulichimba visima vya uongo, tukapika vya uongo, tukaozana. Alikuwa na pengo la meno mawili ya mbele, na kila neno lenye "s" lilitoka na upepo.

Kisha surua ikapita kijijini kwetu. Nilikuwa na ndugu wawili wa kiume. Mkubwa ndiyo kwanza ameanza chuo cha Kurani, juzuu ya kwanza ameishika mkononi kama sahani ya moto. Mdogo hajaachishwa ziwa, na mguu wake mmoja alikuwa akiuburura kidogo akitambaa. Mdogo alikufa Jumatatu. Mkubwa alimfuata Alhamisi. Nakumbuka maji yakipita uani, kafuri, na wanawake wamemzunguka mama wakimwambia, "Usiwalilie, dada. Hao ni ndege wa peponi. Watakungoja mlangoni."

Mama hakuwalilia. Hakusema kitu pia. Alipika, alifua, alipeta, mdomo umefungwa. Wiki zikapita, baba akaanza kumwogopa. Nilikuwa nikimwona akimwangalia anavyokula, tonge mbili, kisha mkono unashuka.

Siku moja mtungi wetu ulipasuka. Mama aliokota kigae kikubwa, akakiweka chini ya mpapai, akakitia maji. Hakumwambia mtu kwa nini. Kesho yake pugi wawili, wale njiwa wadogo wa porini, walishuka, wakazunguka kile kigae kwa wasiwasi, wakanywa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo mkononi. Akasema, "Wamekuja."

Ndilo neno la kwanza. Baba alikuwa akinoa jembe. Alilaza jembe chini taratibu, kama mtu aliyeona kitu asichotaka kukishtua.

Tangu hapo ua wetu ukabadilika. Chuya za kupeta, zile punje zisizotoka ganda, mama hakuzirudisha tena kinuni, alizimwaga pembeni. Mapapai hatukuyaangua, tuliyaangalia yakiliwa juu. Alihamishia migomba karibu na dirisha, na machozi, wale ndege wadogo wenye rangi za mng'aro, wakaja kunyonya maua yake. Ua wa mchongoma ukaachwa ukawa pori, na minana wakasuka viota humo. Paka wetu akapelekwa kwa shangazi. Asubuhi kelele za ndege zilikuwa zinazidi za vinu, na mama akawa anazungumza: nao, kisha na mimi, kisha na baba. Alinenepa kidogo. Wakati mwengine nilimsikia akiita majina mawili, kwa sauti ya chini, mgongo amenipa.

Sijui mpaka leo kama aliamini kweli au alikuwa anajipoza tu. Mimi niliamini.

Baba alipoulizwa na wenziwe msikitini kwa nini mkewe anafuga nyuni wa mwituni, aliwajibu, "Mwacheni. Anakula sasa."

Halafu ikaingia miaka ya vita, vile vya pili vya Wazungu. Mchele wa meli ukakatika. Dukani kulikuwa na mizani na mwenye duka amekaa nyuma yake hana cha kupima. Tulikula mhogo asubuhi, mhogo jioni, na kila mtu macho yake yakawa bondeni. Mpunga ulipoanza kutia maziwa, watoto wote tulitolewa chuo tukapewa kazi ya kuamia, kufukuza ndege tangu alfajiri mpaka jua lizame. Kila kipande kilikuwa na dungu, kichanja cha miti chenye paa la makuti, na mtoto juu yake na debe bovu na rundo la madonge ya udongo. Bonde zima lilikuwa ni kelele: hoo, hoo, hoo! Koo ziliwasha mpaka usiku tulinong'ona.

Jirani alikuja kwetu siku moja baada ya sala ya adhuhuri. Alipiga hodi, akakaribishwa, akakaa kwenye ukingo wa mkeka. Waliulizana hali kirefu. Kisha akasema, "Dada, nimekuja kwa jambo, na usinione vibaya."

"Sema, dada."

"Ndege hawa wanalala kwako, wanakula kwangu."

Mama akatazama chini. "Ndege ni wa Mungu. Mie siwaiti."

"Unawaita. Kigae cha maji ni kuwaita. Chuya ni kuwaita. Ule ua wako ni nyumba umewajengea." Sauti yake haikupanda. "Mie naujua uchungu wako. Niliwaosha watoto wale pamoja nawe. Lakini nina mmoja, na bonde lile ndilo chakula chake. Ukate ua, dada. Mpaka tuvune tu."

Mama alinyanyuka akaingia ndani, na jirani akabaki amekalia ule ukingo wa mkeka, kisha akaaga peke yake. Mlangoni alinipapasa kichwa.

Ua haukukatwa.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe. Shoga yangu, yule msichana wa jirani, alishikwa na homa, na mama yake alikuwa aende mbali kumtafutia dawa. Alikuja mpaka chini ya dungu letu asubuhi, kanga ameifunga kiunoni kwa safari. "Mwanangu," akaniambia, "leo niamilie na changu. Mmoja huyu anatetemeka, siwezi kumpandisha juani. Utaniamilia?"

"Nitakuamilia, mama."

"Usisinzie."

"Sitasinzia."

Na kweli sikusinzia. Ingekuwa nimesinzia ningejisamehe.

Ndege walikuja kundi moja kutoka upande wa kwetu, wakashuka kwenye mpunga wa baba. Nilipiga debe, nikapiga kelele, wakapaa wote kwa pamoja wakavuka tuta, wakatua kwa jirani. Nilishika donge. Nikawaona wawili wamekaa kwenye suke moja, mmoja mkubwa, mmoja mdogo, na yule mdogo mguu wake mmoja ulikuwa haushiki sawasawa. Donge likanivunjikia kiganjani.

Nataka uelewe vizuri nilichofanya, nisije nikakupambia. Wakirudi kwetu niliwafukuza, kwa kuwa nilimwogopa baba. Wakivuka tuta niliwanyamazia. Nilijiambia lazima wale mahali. Nilijiambia nyumba ile ni ya watu wawili tu, watahitaji mpunga kiasi gani? Siku nzima nilikuwa hivyo: kelele huku, kimya kule. Jua lilipoteremka, masuke ya kwetu yalikuwa yameinama. Ya jirani yalisimama wima, mepesi, yamekamuliwa maziwa yote.

Jirani alirudi, akalitazama bonde lake, akaniuliza, "Walikuwa wengi?"

"Wengi sana," nikasema. "Sikuwaweza."

Aliitazama nyumba yetu juu ya kilima. Hakuniuliza tena.

Tulivuna, si sana, lakini tulivuna. Yeye alipata pishi chache na makapi. Mama alinituma nimpelekee bakuli la mchele limefunikwa kawa. Jirani alifunua, akafunika tena, akanirudishia. "Mwambie mama'ko awape ndege wake," akasema. Nikarudi nalo. Nilimwambia mama kuwa jirani amesema ahsante, wanacho. Huo ulikuwa uongo wa pili.

Kuna kiazi cha mwituni watu huita ndiga. Kina sumu. Wakati wa njaa watu hukichimba, hukimenya, hukikata vipande vyembamba na kukilaza katika maji ya mto siku nyingi, maji yakipita juu yake, mpaka ukali uishe. Jirani alikuwa amelaza kikapu cha ndiga kijitoni, siku ya pili tu, naye amekwenda kuchimba nyengine. Shoga yangu alikuwa ndiyo kwanza ametoka kwenye homa, na njaa ya mtu aliyetoka homani unaijua. Alikwenda kijitoni akachota vipande, akavichoma kwenye majivu.

Mimi ndiye niliyemkuta. Nilikwenda kumwita tukacheze. Alikuwa amelala chini ya kiambaza cha kwao, matapishi kifuani, macho yako wazi lakini hayanishiki. Nilikimbia nikipiga kelele kwa sauti ileile ya kufukuzia ndege, na watu walichelewa kutoka, walidhani nacheza mchezo wa kuamia. Alikata roho kabla ya magharibi, kichwa chake kikiwa juu ya mguu wa mama yangu, kwa kuwa mama yake bado alikuwa porini na mtalimbo wake wa kuchimbia.

Msibani wanawake walimzunguka jirani kama walivyomzunguka mama. Bibi mmoja akaanza, "Usimlilie, huyo ni ndege wa—"

"Nisitajiwe ndege!" jirani akasema.

Hakupiga ukelele. Lakini macho yote yakamwendea mama. Mama alisimama, akajifunika kanga vizuri, akatoka. Nikamfuata. Alichukua panga la baba akaukata ule ua wa mchongoma, miiba ikimchana mikono mpaka viwiko. Viota vilianguka, baadhi vina makinda. Akaukata mpapai. Akaikata migomba. Kigae alikivunja kwa kisigino. Ndege waliruka juu ya nyumba mpaka giza likaingia, wanalia, hawajui pa kutua. Baba alisimama mlangoni, hakumzuia.

Nilikuwa nimesimama pale na neno langu mdomoni. Ningelisema, pengine angeacha. Angejua kwamba si ua wake ulioumaliza mpunga ule. Sikusema. Mama aliishi miaka mingi baada ya siku ile, aliniozesha, alishika wajukuu, lakini hakuyataja tena yale majina mawili, na sikumwona tena akiangalia juu. Alikufa akiamini ni yeye aliyemnyima chakula mtoto wa mwenzake.

Jirani alihamia Kisiwa Panza kwa kaka zake. Baada ya kumzika mama nilivuka kwenda kumtafuta. Nami wakati huo nilikuwa mama wa watoto wanne. Nilimkuta amekaa kwenye kizingiti anasuka ukili, amekuwa mdogo, macho yana ukungu. Nilimshika mkono, nikajitaja, nikamwambia yote: dungu, debe, ndege wawili, kelele huku na kimya kule. Vidole vyake havikusimama hata mara moja.

Nilipomaliza aliuliza, "Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Minane."

"Na wangu alikuwa wa minane," akasema.

Nilingoja. Hakuongeza kitu, si radhi wala laana. Baadaye alinyanyuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akatoka na sahani ya wali na samaki akaniwekea mbele. "Kula," akasema, akakaa mpaka nikamaliza punje ya mwisho. Kisha akaniambia maji yanakupwa, niwahi kuvuka.

Bonde lile siku hizi limeota magugu. Mchele unakuja kwa magunia, na madungu hata watoto wangu hawajui yalikuwa kitu gani. Mama hayupo, jirani hayupo, na kaburi la shoga yangu limekanyagwa likawa sawa na njia. Aliyebaki anayekumbuka pengo lake na ule upepo wa maneno yake ni mimi peke yangu, na mimi ndiye niliyekaa juu ya dungu nikanyamaza.