Siku Tisini za Kuomba Mkojo

Saa moja kamili asubuhi kengele inalia, na cherehani arobaini za mstari wa tatu zinaanza kunguruma kwa pamoja. Mshonaji anayekaa karibu na dirisha anauvuta mtandio wake shingoni, anaingiza kitambaa chini ya sindano na kuanza kuunga mifuko ya suruali. Chini ya mtandio kuna mrija. Mara mbili kwa wiki damu yake hupita humo kwenda kusafishwa na mashine ya hospitali, kwa sababu figo zake zimegoma. Siku nyingine huja kazini, maana akibaki nyumbani mawazo yanammaliza.

Wenzake humwita Chapuchapu, na jina hilo hakupewa bure. Ana miaka thelathini na moja, na kwa miaka tisa hakuna aliyemshinda kwa mifuko. Siri yake, anasema, ilikuwa kutokwenda chooni.

Kila mstari una kibao kimoja cha mbao. Anayekwenda msalani hukichukua, wengine husubiri arudi, na msimamizi huandika dakika. Basi wanawake wa kiwanda hicho wamejifunza kukaa bila maji tangu asubuhi mpaka watoke, na wamelizoea jambo hilo hadi wanalitania.

"Tulijiita ngamia," anasema. "Mgeni akija na chupa ya maji, tunamcheka."

Mimba yake ya kwanza ilishika baada ya miaka sita ya ndoa. Hakubadilisha kitu. Mgongo ulipouma alimeza vidonge vya maumivu, viwili asubuhi, viwili jioni. Mwezi wa saba miguu ikavimba, viatu vikakataa kuingia. Mama mkwe, anayempenda kama mwanawe wa kumzaa, akaona ni maji yaliyojaa mwilini, akamshauri apunguze hata yale machache ya jioni. Naye akatii. Kliniki aliahirisha mara mbili ili asikose zamu.

Kisha likaja jambo ambalo hadi leo linamnyima usingizi. Haja ndogo ilikauka. Siku nzima haimbani, na ikija ni kidogo, nyeusi kama chai iliyochemka mno. Wakati huo yeye alifurahi.

"Nilidhani mtoto ameihurumia kazi yangu," anasema, macho yakiwa kwenye mshono. "Wiki ile niliongoza kiwanda kizima. Msimamizi akanisimamisha mbele, wakanipigia makofi. Mwenzenu nakufa, na meno yote nje."

Siku ya nne alianguka kando ya cherehani kwa kifafa cha mimba. Daktari aliieleza familia baadaye kwamba presha ya ujauzito, ukavu wa mwili na vile vidonge vilishikana mikono. Mtoto wa kike alitolewa kwa upasuaji, akaishi siku mbili. Mama yake alikuwa hajitambui. Hakuwahi kumwona.

Aliyempakata ni bibi yake, yule mama mkwe. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mama huyu mjukuu kamzika, majuto ndiyo aliyobaki nayo. Kila asubuhi hupokea jagi lenye alama kutoka kwa mkwewe, huliinua dirishani na kusoma mkojo umefika wapi.

"Maji nilimkataza mimi, kwa mdomo wangu," anasema. "Hajanilaumu hata siku moja. Bora angenitukana."

Daktari alisema figo zilizogoma namna hiyo zinaweza kuamka ndani ya siku tisini. Zisipoamka, mashine huwa ya maisha. Wiki ya kwanza jagi lilitoka tupu. Wiki ya tano yalipatikana matone, nyumba nzima ikashangilia. Tangu hapo hayajafika alama ya kwanza.

"Watu wanaomba nyumba na magari," anasema Chapuchapu. "Mimi naomba mkojo."

Jana siku tisini zilitimia. Daktari alifungua faili aandike kwamba ugonjwa ni wa kudumu, Chapuchapu akamshika mkono, akamwomba asiandike kwanza. Daktari akamweleza kwa upole kuwa kalamu haibadilishi kitu ndani ya figo. Hata hivyo akaiweka chini, akampa wiki moja.

Wiki hiyo ndiyo mpango wake wote. Anageuza suruali nyingine, anatafuta mahali pa mfuko.

"Mimi nilichelewa kwenda hospitali," anasema. "Labda na figo zenyewe zimechelewa tu."