Jina la Hawa Kwenye Kompyuta ya Zahanati

Theresia Komba hakuwa mtu wa makelele. Lakini Jumatano ile Gideoni, kijana wa kompyuta aliyetumwa na ofisi ya vitambulisho mjini kukagua kumbukumbu za uzazi, alipoigusa kompyuta yake kwa ncha ya kiatu na kuuliza, "Mama, hili dude mnaliweka la nini?" damu ilimchemka.

"La kukutoa wewe aibu," akamjibu.

Haya, kuukuu lilikuwa kuukuu, tusidanganyane. Lilifika zahanatini pale, jirani na Mahurunga, mwaka 2001, mwaka ambao Theresia naye alifika kutoka Songea kuwa karani. Tangu hapo madaftari ya uzazi yameliwa na mchwa. Kilichobaki ni kile alichokichapa yeye kwa vidole vyake, mtoto mmoja mmoja. Na mbele ya jina la kuzaliwa aliweka nafasi ya jina jingine, maana huku mtoto akitoka jandoni au unyagoni hupewa jina jipya, na ukimwita lile la utoto umemvunjia heshima. Wazazi walikuwa wakipita kumwambia, "Mama Komba, yule sasa anaitwa fulani," naye anaandika.

Sasa njoo kwa Hawa, binti wa hapa kijijini. Amezaliwa zahanatini hapo, mpunga wa mama yake uko upande huu wa mto Ruvuma, siyo ule wa nchi jirani. Kaomba kitambulisho, ofisi ikamjibu: kadi ya kliniki inasema Zainabu, wewe unajiita Hawa, leta uthibitisho mwisho Ijumaa, la sivyo utaandikwa mgeni. Mgeni! Kisa mto uko karibu?

Uthibitisho ulikuwa ndani ya kompyuta, na namna ya kuutoa haikuwepo. Printa imekufa, disketi hazisomeki, flashi haiitambui.

"Na waifai haina," Gideoni akasema. "Haiwezekani, mama."

Haiwezekani, na hata kuigeuza nyuma hakuigeuza! Alipoondoka, Theresia aliigeuza mwenyewe, akaona tundu la waya wa mtandao limejaa vumbi. Alhamisi akaenda mjini, dukani kwa Feroz anayeuza vifaa vya kompyuta.

"Dada Theresia, mbona rahisi," Feroz akasema, akimpa kidude kidogo tu, cha kushika kiganjani. "Kompyuta yako haijui waifai, inajua waya. Hiki kitanasa waifai, kisha kitaipelekea kwa waya." Akamwandikia maelekezo kwenye karatasi.

Ijumaa asubuhi Gideoni alirudi. Hawa alikuwa kwenye benchi, barua mkononi, macho yamevimba kwa kulia. Theresia akachomeka waya, kidude kikanasa waifai ya simu ya Gideoni, taa zikawaka. Lakini kwenye kompyuta ndogo aliyokuja nayo Gideoni, iliyounganishwa na waifai hiyohiyo, hakikuonekana kitu.

"Si nilisema?" Gideoni akacheka.

Theresia akaikunjua karatasi ya Feroz. Alisoma karatasi tena, kidole kikifuata mstari kwa mstari, akagundua hajairuhusu folda ya majina isomwe na kompyuta nyingine. Akaruhusu. Orodha yote ikatokea kwa Gideoni. Hawa akasimama.

Gideoni akaipitia, akakunja uso. "Hii nafasi ya jina la pili mfumo wetu hauna. Naifuta."

"Futa uone!" Theresia akapiga meza. "Miaka yote hii nakaa na hawa watu, naandika wanachoniambia, leo uje na mfumo usiojua hata watu wanaitwaje? Tafuta Zainabu wa mwaka 2002. Soma kwa sauti, mwenyewe asikie!"

Gideoni akatafuta. Akasoma polepole: Zainabu, jina la mama, kijiji hikihiki, tarehe ya kuzaliwa. Kisha: "Ametoka unyagoni 2013. Sasa anaitwa Hawa."

Hawa akajifunika uso kwa kanga. Gideoni akaendelea kushuka na orodha, ukurasa baada ya ukurasa.

"Wenye majina mawili wako wangapi humu, mama?"

"Mia sita na kumi na wawili," Theresia akasema. "Sasa niambie wewe: kati yao mmeshawaandika wangapi kuwa wageni?"