Kila Chumba cha Kumi

Nilikwenda Dubai na diploma yangu ya takwimu ndani ya bahasha ya kaki, na nilirudi nayo haijakunjika hata pembe. Nasema hivyo kwa sababu wengi niliosafiri nao waliacha vyeti nyumbani, wakiamini kwamba kule kinachotakiwa ni mikono tu. Mimi sikuamini. Nilianza kwa kuosha masufuria katika jiko la hoteli moja Al Garhoud, ambako ndege zilipita juu ya paa mpaka vijiko vikatetemeka kwenye kabati, na baada ya mwaka mmoja na nusu nilikuwa ofisini kwa kampuni iliyotuajiri, naingiza zamu za wafanyakazi kwenye kompyuta. Hakuna aliyenishika mkono. Nyumba ninamoandikia haya nimeijenga mwenyewe, na vijana wanaozunguka wilayani kwetu kukusanya takwimu za kilimo hupita kwanza mikononi mwangu. Nawafundisha vizuri, na wao wenyewe husema. Ila tukifika kwenye somo la kuchagua sampuli kwa kuruka namba, huwa natangulia kunywa maji.

Mama yangu aliuza maharage kwa jumla. Wanunuzi walikuja na bambo, kile kichuma kirefu chenye ncha na mfereji, wakalichoma gunia ubavuni na kutoa punje za katikati na za chini. Za juu hawakuzitazama, maana za juu kila muuzaji huzipanga. Mama hakununa. Naye akienda kununua kwa wakulima alichoma vilevile, mara tatu, sehemu tatu. Basi siku mwalimu wa chuo alipoandika ubaoni kwamba sampuli ni sehemu ndogo inayosema kwa niaba ya kundi zima, na kwamba haiwezi kusema kweli ikiwa wengine katika kundi hawakuwa na nafasi ya kuchaguliwa, wenzangu walinakili. Mimi nilitabasamu. Jambo hilo nilikuwa nalijua tangu naota meno.

Kampuni yetu ilipeleka watu kila mahali: wafagiaji, wahudumu wa hoteli, walinzi. Wanaume tulilala Al Nahda, katika jengo la ghorofa nane karibu na mpaka wa Sharjah, vyumba kumi kila ghorofa, watu sita kila chumba. Kila chumba kilikuwa na kiyoyozi cha dirishani, na vingi vilikuwa vikuukuu. Mwaka huo, katikati ya muongo ule wa 2010, ofisi ilitaka kujua jambo moja kabla ya kiangazi: vinunuliwe viyoyozi vipya sasa, au visubiri mwaka mwingine? Madam aliyekuwa mkuu wa utumishi alitaka kumtuma msimamizi wa jengo apite akiuliza. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia kwamba msimamizi atawauliza watakaokuwa wamekaa sebuleni siku hiyo, na watu wa sebuleni si jengo zima. Alinitazama kama mtu aliyeona sufuria ikisema.

"Wewe unalijua hili?" akaniuliza.

"Nimelisomea, madam."

"Basi lifanye. Nataka sehemu ya kumi tu ya vyumba. Sina muda wa kusoma malalamiko ya jengo zima."

Nililifanya kwa kitabu. Nilipanga vyumba kwa namba, kuanzia cha kwanza mpaka cha themanini. Niliandika namba moja hadi kumi kwenye vikaratasi, nikavitia ndani ya kikombe, nikamwita karani mwenzangu achomoe kimoja ili mtu asiseme nimependelea. Ikatoka nne. Kutoka hapo nikaruka kumi kumi: cha nne, cha kumi na nne, cha ishirini na nne, mpaka cha sabini na nne. Vyumba vinane, watu arobaini na wanane. Nilipita jioni mbili mfululizo na dodoso langu, na kila mlango uliofunguliwa nilijitambulisha kwa cheo ambacho sikuwa nacho bado.

Katika jengo hilo nilikuwa na rafiki mmoja, mlinzi kutoka Uganda, mlokole, aliyenizidi umri kama miaka kumi. Aliniita Profesa, nami nikamwita Afande. Siku yake ya mapumziko ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa tulipika pamoja kwenye jiko la ghorofa, yeye akisali juu ya chakula kwa muda mrefu mpaka wali unapoa. Alilinda jengo la familia kule Jumeirah Village Circle, zamu ya usiku, na alilala mchana. Miezi michache nyuma alikuwa amepewa barua ya onyo kwa kusinzia kazini. Ya pili ingekuwa ya kumrudisha kwao, na mkataba wake ulikuwa bado mbichi. Barua hiyo niliisoma mimi, kwa kuwa aliniletea nimfafanulie. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Alinikuta kwenye ngazi jioni ya kwanza, mimi na karatasi zangu, yeye na sare yake, anawahi basi la saa kumi na moja.

"Profesa, uko unaandika watu?"

"Naandika, Afande."

"Na sisi? Kwetu hujafika. Ama sisi hatuna roho?"

"Chumba chenu hakikuchaguliwa."

"Nani amekikataa?"

"Hakuna aliyekikataa. Ni namba. Nimeanza na nne, nikaruka kumi kumi."

"Banange! Sasa thelathini na tisa imekosea nini?"

Mkenya mmoja, mhudumu wa mapokezi, alikuwa nyuma yake na kiatu kimoja mkononi. Akacheka. "Afande, hiyo ni kama bahati nasibu, na wewe umekosa. Wacha jamaa afanye kazi yake. Akikuandika wewe, hata mimi nitataka kuandikwa, na shida zangu hazitoshei hiyo karatasi."

Nilifurahi kusaidiwa. Nikamgeukia rafiki yangu kwa sauti ile ya darasani. "Afande, huu si mkutano wa kijiji. Mtu haingii kwenye sampuli kwa kuomba. Nikikuingiza kwa kuwa ni rafiki yangu, nimeiharibu."

"Haya, ssebo. Lakini hiyo AC yetu inapumua kama mzee. Saa nane ya mchana jua linaingia mpaka kwa mto. Hiyo pia usiandike?"

"Karatasi itasema yenyewe."

Akanipigapiga begani, akashuka.

Nilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Anayejileta mwenyewe kwenye sampuli huipotosha, kila mwanafunzi anajua. Ila yule hakuwa ameomba kuingia. Alikuwa ananiambia kwamba jengo lina pande mbili, na mimi nilikuwa sijauliza lina pande ngapi.

Majibu yalikuja mazuri mno. Karibu wote walisema hewa inatosha. Nilichora mchoro wa rangi, nikaandika kurasa nne, nikamkabidhi madam. Aliusoma ukurasa wa kwanza mbele yangu, akausoma tena mbele ya wakubwa wake kwenye kikao, na alipotoka akaniambia: "Yalla, hivi ndivyo ninavyotaka kazi." Viyoyozi vikaahirishwa. Mimi nikaambiwa nitapewa meza yangu mwenyewe, karibu na dirisha.

Siku ya tano baada ya hapo nilikuwa nasubiri lifti ya jengo letu. Lifti ilikuwa inachelewa, nikatazama ramani iliyobandikwa ukutani, ile ya kuonyesha watu njia ya kutokea moto ukizuka. Ilichora ghorofa moja, na chini yake pameandikwa kwamba ghorofa zote ziko hivyohivyo. Vyumba vitano vya mwanzo vilikuwa upande wa kaskazini, ubavuni mwa mnara wa jirani uliotutia kivuli kutwa. Vitano vya mwisho vilikuwa magharibi. Ghorofa ina vyumba kumi, nami nimeruka kumi. Kwa hiyo chumba changu cha nne kilikuwa juu ya chumba cha nne, juu ya chumba cha nne, ghorofa nane, kama vifungo vya shati. Bambo langu lilichoma mara nane, na mara zote nane ubavu uleule.

Lifti ikaja, ikafunguka, ikafungwa. Nilibaki nimesimama.

Halafu nikakumbuka jambo jingine, baya zaidi. Msimamizi wa jengo aliwapanga walinzi wa usiku upande wa magharibi kwa wema, kwa sababu upande ule uko mbali na barabara na wao hulala mchana. Sisi wa kaskazini tulikuwa watu wa mchana. Tulirudi jua limeshazama, tukakuta vyumba vimepoa, tukamwambia mwenye dodoso kwamba hewa inatosha. Hatukusema uongo. Ningeruka tisa tisa, au kumi na moja moja, ningegusa kila upande. Laiti ningewagawa tu kwanza, wa usiku kando na wa mchana kando, halafu nikachagua wachache kila upande. Hilo lilikuwa somo la wiki ya sita chuoni, na mtihani wake nilipata alama za juu kuliko wote.

Ningeweza kwenda kwa madam asubuhi ile. Ilikuwa bado Aprili, na oda ya viyoyozi ingewezekana. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Ndani alikuwa anamwonyesha mgeni mahali meza yangu itakapowekwa, na aliponiona akanitaja kuwa ndiye kijana wa takwimu. Nikauliza kama anahitaji chai. Nilijiambia nitasema wiki ijayo. Wiki ijayo nikajiambia joto halijafika.

Lilifika. Anayeijua Dubai mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa. Nilianza kumwona rafiki yangu mchana, siku zangu za mapumziko, amelala kwenye korido juu ya boksi lililopasuliwa, shuka lililoloweshwa limemfunika mpaka kichwani kama maiti, watu wakimruka kwenda chooni. Msimamizi alimfukuza hapo mara mbili. Ijumaa alikuja jikoni macho mekundu, akasinzia akimenya vitunguu. Maombi yake yakawa mafupi.

"Leo umemaliza haraka," nilimtania.

"Hata Mungu anajua nimechoka. Hataki maneno mengi."

Kitanda changu kilikuwa upande wa kivuli, kitupu kuanzia asubuhi mpaka jioni. Kumpa ufunguo kungechukua dakika moja. Wazo hilo halikunijia mpaka alipokwisha kuondoka, na sijapata kujielewa ni kwa nini. Nadhani kila nilipomtazama nilikuwa nafikiria ile meza.

Mpangaji mmoja wa Jumeirah Village Circle alimkuta alfajiri amelala kwenye kiti cha getini, akampiga picha kwa simu, akaipeleka kwa wenye jengo. Wenye jengo wakaipeleka kwetu. Picha hiyo ilipita kwenye kompyuta yangu ili niondoe jina lake kwenye zamu. Kidevu kilikuwa kimelala kifuani, kofia ipo gotini, ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliye kanisani.

Siku hiyo ndipo nilipoingia kwa madam. Nilisema huyu mtu apewe nafasi nyingine, vyumba vya upande ule vina joto. Akaniuliza ripoti yangu inasema nini.  Kisha akasema, bila ukali, "Ni barua ya pili. Khalas." Nikapendekeza utafiti mwingine, wa wakati wa joto, kwa kuwagawa watu kulingana na zamu zao. Sikusema wa kwanza ulikuwa na kasoro. Nilisema huu utakuwa wa kina zaidi. Aliupenda. Mwezi wa Septemba viyoyozi vipya vilifungwa upande wa magharibi wote, na mimi nikapewa barua ya pongezi yenye mhuri, ambayo iko katika faili langu hadi leo na imenipatia kazi mbili. Lakini hayo yalikuwa mbele bado.

Yeye aliondoka kwa ndege ya mchana, siku tatu baada ya ile picha. Niliomba ruhusa nimsindikize mpaka chini. Gari la kampuni lilikuwa limechelewa, tukasimama kivulini mbele ya jengo, sanduku lake kati yetu. Aliongea habari za mvua ya kwao, kwamba atakuta watu wanapanda mahindi. Hakulalamika. Halafu akawa anakwangua kitu kwenye mpini wa sanduku kwa ukucha.

"Profesa, nikuulize?"

"Uliza, Afande."

"Hiyo karatasi yako ya wakati ule. Nimeifikiria sana nikilala pale kwenye korido. Kuna mahali ulikosea?"

Hakuwa ameuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua tu, kabla hajafika kwa mkewe na kuulizwa ilikuwaje. Ningemwambia ndiyo, angeondoka akijua kwamba halikuwa kosa lake.

"Hapana," nikasema. "Hesabu ilikuwa sawa."

Akatikisa kichwa kukubali, pole pole, mara kadhaa.

"Basi nisamehe. Kule ndani niliambia watu kwamba wewe ulitusahau makusudi kwa sababu ulitaka ofisi. Nilisema vibaya. Na wewe ni mtu umesoma."

Gari likaingia, dereva akatoa mkono dirishani kutuhimiza, yalla, yalla. Nilimshika rafiki yangu mkono, nikamwambia nimemsamehe.