Wembe Uliofungwa kwa Waya wa Shaba

Kila ninapohamia mji mpya hutafuta kwanza msumari ukutani, nitundike mkanda wangu wa ngozi. Nimefanya hivyo Kahama, Geita, na sasa Runazi, ambako nimepanga chumba nyuma ya duka la chumvi na sabuni. Mkanda ukishakaa, nachagua wembe mmoja kati ya kumi na mmoja nilio nao. Ni nyembe za zamani, zile za kukunja, ambazo makali huingia ndani ya mpini. Naunoa polepole kwenye ngozi, napaka povu kidevuni, nanyoa. Vijana hapa hunyolewa kwa mashine, na huniangalia kama mtu anayesaga unga kwa jiwe.

Nilianza kuzikusanya miaka ya wakimbizi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sina, ila baiskeli ninayo. Nilizunguka kati ya Nyamiaga na Murusagamba, nikibadilishana ndizi na muhogo kwa vitu vya watu waliovuka mpaka kutoka Burundi. Wenzangu walitaka redio na vitenge. Mimi nilitaka nyembe. Mwanamume anayekimbia nyumba yake huacha kitanda na mbuzi, lakini wembe unaingia mfukoni. Nilizipata zimefungwa kwenye vitambaa, nyingine na majina ya viwanda vya Ulaya yaliyofutika nusu.

Nilikuwa na kanuni moja: sikuuliza kitu kilikotoka. Ukimuuliza mtu, anaanza kukumbuka, na akikumbuka hauzi.

Pembeni mwa njia ya kuingia kambi ya wakimbizi alikaa msichana aliyenyoa wanaume. Baba yake alikuwa kinyozi huko kwao, naye alijifunza kwa kumshikia bakuli la maji. Walipokimbia, baba aliwatanguliza yeye na mama yake, akasema anafuata. Hapo kambini msichana alitumia kiwembe cha dukani alichokibana kwenye kijiti kilichopasuliwa. Ujira wake ulikuwa kikombe cha maharage. Nilianza kwenda kila Jumapili baada ya misa.

"Kaka, umerudi tena? Kidevu chako ni kiazi kilichomenywa. Ninyoe nini?"

"Angalia vizuri. Huku chini ya taya zimeota."

"Huyu hana ndevu," akasema mzee mmoja kwenye foleni. "Ana hamu tu."

Watu walicheka, naye akacheka, lakini alininyoa. Akinyoa alisimulia wembe wa baba yake, kwa Kirundi, nami nikijibu kwa Kihangaza, lugha ya kwetu inayosikilizana na yake. Mpini wake ulikuwa wa pembe ya ng'ombe. Pini inayoshika makali ilipokatika, baba aliufunga kwa waya wa shaba, mizunguko mitatu, akaubana kwa meno hadi alama ya meno ikabaki kwenye pembe.

"Akifika," alisema, "ndipo utajua kunyolewa."

Nilipomweleza mama yake nia yangu, alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, binti haolewi baba yake akiwa njiani. Mahari ataipokea nani? Tumngoje."

Tukangoja. Kwetu, pande zote mbili za mpaka, aliyefiwa hunyoa kichwa matanga yanapoondolewa. Majirani waliwashauri wanyoe kama wengine, wapumzike. Walikataa. Nywele zao zilirefuka, na kila mtu kambini alielewa maana yake.

Siku moja, kwenye gulio, mwanamume mwenye koti refu alifungua kitambaa mbele yangu. Niliona pembe. Niliona waya wa shaba, mizunguko mitatu, na pembeni yake alama za meno. Nilimpa mkungu mzima wa ndizi bila kubishana, nikapanda baiskeli kabla hajabadili mawazo. Njia nzima niliimba. Nilifikiri: wembe umetangulia, mwenyewe yuko nyuma. Nilifikiri pia, sifichi, kwamba baba mkwe atanipenda kwa hili.

Msichana aliufungua, akaufunga. Akapitisha kidole kwenye alama za meno.

"Nani kakuuzia?"

"Mwanamume mmoja. Ana koti refu."

"Alisema kaupata wapi?"

"Sikumuuliza."

"Hukumuuliza."

"Huwa siulizi."

Mama yake alikuwa akichagua maharage kwenye ungo. Mikono yake ilisimama. "Mume wangu alikuwa analala nao mfukoni," alisema. "Mkononi mwa mtu mwingine ungefikaje?"

Tulirudi gulioni jioni ileile, watatu, na siku zote za gulio zilizofuata. Makoti yalikuwa mengi. Yule hakuonekana tena, na aliyemjua hakupatikana. Mwezi ulipokwisha mama alichota maji, akakaa chini nje ya turubai, akaniita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua kunoa. Tunyoe."

Niliunoa wembe wa yule baba kwenye mkanda wangu. Nilianza na mama, kisha binti. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumgusa kichwa. Nyuma ya sikio alikuwa na kovu dogo ambalo sikuwahi kuliona kwa sababu ya nywele. Wembe ulikuwa mwepesi kuliko wote niliowahi kushika. Ulipita bila sauti, na nywele zikaanguka mapajani mwake. Hakulia. Mama alilia, bila kujifuta.

Nilipomaliza nikauosha wembe, nikaukausha, nikamrudishia. Siku chache baadaye, nilipoona ameanza tena kunyoa watu, na wembe wa baba, nilimngojea hadi foleni iishe. Nikamuuliza sisi wawili sasa tunafanyaje.

"Kila nikikuona," alisema, "nakuuliza moyoni yule mtu alisema nini. Na wewe kila siku utanijibu hukumuuliza. Tutaishi vipi hivyo, kaka?"

 Nilichukua pampu ya baiskeli, nikaanza kujaza upepo kwenye gurudumu ambalo lilikuwa limejaa, naye akakunja wembe, akauweka mfukoni mwa sketi, akaenda kumsaidia mama yake kubeba maji.