Shangazi Afande na Kizimba cha Bwana Mdogo

Shangazi yangu alikuwa askari magereza miaka thelathini na mmoja, na hata baada ya kustaafu mtaa mzima uliendelea kumwita Afande. Amri zake ni fupi. Chai yake pia ni ya kiaskari: sukari nusu kijiko, na usiombe nyongeza.

Mume wake alipofariki, nyumba ilimlemea. Hakusema. Ila saa nane za usiku alikuwa anawasha redio na kusikiliza hali ya hewa ya miji ambayo hatafika. Mwanawe akamletea mtoto wa mbwa wa rangi ya kahawia, masikio makubwa kuliko akili, tukamwita Bwana Mdogo. Wiki ile nilimsikia shangazi akiongea peke yake jikoni. Nilipochungulia, hakuwa peke yake.

Tatizo lilikuwa usiku. Bwana Mdogo alilia kama aliyedhulumiwa urithi. Mwenye nyumba, mama muoka mikate anayeishi ng'ambo ya ua, alivumilia siku tatu. Ya nne akagonga.

"Afande, nakuheshimu. Lakini mimi naamka saa tisa kukanda unga. Nakupa mpaka Jumapili. Asiponyamaza, arudi alikotoka."

"Nimekuelewa, mama."

Alipofunga mlango, alichukua simu.

Ndipo nikaitwa mimi, mtaalamu wa ukoo. Nina diploma ya mifugo, nusu. Mnyama namjua upande wa mbele; wa nyuma hatukufika, nikaacha chuo. Nikamwambia fundi wa mageti atuchomelee kizimba cha nondo nyembamba, nikamweleza shangazi: mlishe humo mchana, mlango ukiwa wazi, apaone ni chumbani kwake. Usiku kiweke chumbani kwako. Mtoe akojoe kabla ya kulala. Baada ya hapo, akilia kwa kudeka, usimfungulie.

"Kusikia kilio nisifungue," akasema, "hilo usinifundishe."

Ijumaa nililala sebuleni kwake. Bwana Mdogo alilia dakika ishirini, akachoka, akanyamaza. Nikajipongeza. Saa tano akaanza upya. Saa sita tena. Saa saba tena, utadhani amemeza saa ya ukutani. Nikanyanyuka nikachungulia.

Shangazi alikuwa amesimama wima mbele ya kizimba, amemmulika mtoto tochi usoni. Akavuta komeo mara mbili, akageuka kurudi kitandani. Nyuma yake kilio kikaanza.

"Shangazi, unafanya nini?"

"Nakagua."

"Mbwa mmoja? Unaogopa hesabu haitatimia?"

Hakucheka.

"Kila saa?" nikauliza.

"Kila saa."

"Basi wewe ndiye unayemwamsha."

Akaketi kitandani, akazima tochi, na gizani humo akanisimulia jambo ambalo nadhani hata marehemu mumewe hakuwahi kuambiwa. Ilikuwa mwaka wake wa tatu kazini. Aliletwa mahabusu msichana, akalia tangu jioni. Amri ilikuwa askari wa zamu asijibu vilio, maana ukimjibu mmoja watalia wote. Saa sita msichana akanyamaza.

"Nikashukuru," shangazi akasema. "Nikajimiminia chai. Sikwenda kumwangalia, nikasema amepitiwa na usingizi."

Sikuuliza walimkuta vipi asubuhi. Hata mdomo wangu una mipaka.

"Kilio hakinisumbui, mwanangu. Anayelia yupo hai. Akinyamaza ndipo nashindwa kulala."

Jumamosi ndiyo ilikuwa nafasi ya mwisho. Sikuwa na ushauri. Darasa hilo sikulisoma. Alijipangia mwenyewe. Alishusha godoro sakafuni, akalisogeza hadi likagusa kizimba, na tochi akaja kunikabidhi sebuleni, kama anayerudisha silaha ghalani.

Bwana Mdogo alianza wimbo wake. Shangazi hakufungua komeo. Lakini alimjibu.

"Nipo," alisema, sauti ya chini.

Kikaja kilio kingine. "Nipo."

Chuoni tungeambiwa anaharibu. Nilikuwa mlangoni, nikanyamaza, jambo ambalo wanaonijua hawataliamini. Vilio vikaanza kuachana mbali, vikawa kwikwi, vikaisha. Kisha ukaja ukimya wenyewe. Nilimsikia shangazi akijigeuza, akipenyeza vidole kati ya nondo.

"Anapumua," aliniambia, bila kuulizwa.

Baada ya muda mrefu: "Anapumua."

Nikasubiri mara ya tatu. Haikuja. Nikakaza masikio mpaka nikazitenganisha pumzi mbili: moja nyepesi ya haraka, nyingine nzito yenye mkoromo wa kiserikali. Nikakaa hapo hapo kwenye kizingiti hadi harufu ya mikate ikaingia dirishani.

Asubuhi mwenye nyumba alikuja, mikono bado ina unga. "Mmeshamrudisha, kumbe," akasema, sauti imepoa. "Sikutaka iwe hivyo, Afande."

"Yumo ndani," shangazi akasema. Shavuni alikuwa na alama mbili za nondo.

Mwenye nyumba akaziangalia. "Basi akae."

Shangazi akashukuru, akarudi kwenye godoro, akalala tena mchana kweupe. Nikamtoa Bwana Mdogo uani kwa kunyata, nikampiga marufuku kubweka mpaka mama yake aamke. Alitii kama dakika kumi.