Mbwa Aliyefundishwa Kuogopa Hodi

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, nilisimama mbele ya geti la watu nisiowafahamu pale Mikumi, nikasema neno moja tu la adabu.

"Hodi."

Mbwa mkubwa kama ndama, aliyekuwa amelala kivulini, aliruka na kupiga ukelele kama mtoto aliyemwagiwa maji ya moto. Kisha akajipenyeza chini ya pikapu iliyoegeshwa uani, akabaki huko anatetemeka.

Sikuwa nimeshika fimbo. Sikuwa nimeokota jiwe. Mkononi nilikuwa na mfuko wa dagaa.

Mbwa yule nilimlea mimi.

Na mtu aliyemfanya alie vile, nilimlea mimi pia.

Naitwa Anastazia, mkazi wa Kimamba, wilaya ya Kilosa. Nina mtoto mmoja wa kumzaa, Imani. Alipokuwa akifanya kazi ya kufua mashuka katika kambi moja ya watalii, bosi wake alimpa mtoto wa mbwa, wale wa kizungu wenye vichwa kama ndoo. Alikuwa na sikio moja jeupe, Imani akamwita Bonge.

Baadaye Imani alipata nafasi ya kusomea uuguzi Dodoma. Siku ya kuondoka alimkumbatia Bonge shingoni, akaniambia, "Mama, niahidi nitamkuta."

Nikamwahidi.

Sikujua ninaahidi nini. Bonge alikua kwa fujo. Alichana kanga za majirani kwenye kamba. Alikimbiza baiskeli. Nilipomfunga kamba ili nimtembeze, yeye ndiye aliyenitembeza, na siku moja alinifikisha mtaroni nikiwa nimevaa nguo za kanisani.

Kubwa kuliko yote, mgeni akisema hodi tu, Bonge alimrukia kwa furaha na kumlaza chini.

Aliyelazwa mara nyingi zaidi ni jirani yangu, Mama Loveth.

"Mama Imani," aliniambia siku moja huku akijifuta vumbi kifuani, "mimi nimekuja kuomba chumvi, sikuja kupigana mieleka."

Wakati huo nilikuwa nakaa na mdogo wangu wa mwisho, Gabrieli. Mama yetu alifariki Gabrieli akiwa bado anatambaa. Nilimbeba mgongoni mpaka wageni wakadhani ni mwanangu. Alikuwa mlinzi Mikumi, kazi ikaisha, akarudi kwangu. Nilimpa chumba cha uani na sahani mezani, kama ilivyokuwa zamani.

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, alisimama mlangoni kwangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Hakuwahi kuruka hata siku moja. Naomba mlikumbuke jambo hilo.

Mwezi wa pili alikwenda Mikumi kutafuta kibarua, akarudi na kitu mfukoni. Tulikuwa tumekaa uani, mimi na Mama Loveth tunachambua mchele.

"Dada, huyu jamaa atakuja kukuvunja kiuno," alisema. "Mbwa wa aina hii haendi kwa kubembelezwa. Anaenda kwa mtambo."

"Mtambo gani tena?" aliuliza Mama Loveth.

Akatoa mkanda mweusi wa shingoni wenye meno mawili ya chuma kwa ndani, pamoja na rimoti ndogo kama ile ya kufungulia gari.

"Mkanda wa shoti. Mbwa akikosea, unabonyeza. Umeme unamgusa shingoni, anaacha fasta. Wiki moja tu, utaona ana nidhamu kama askari."

"Unamuumiza?" nikauliza.

"Hapana, dada. Ni kumtekenya tu. Kama siafu."

Mama Loveth aliweka ungo chini. "Kama ni siafu, jivalishe wewe kwanza tuone."

Gabrieli akacheka, akaubana mkanda kwenye kiganja, akaweka rimoti kwenye namba ya chini kabisa, akabonyeza. Jicho moja likafumba lenyewe.

"Mmeona? Freshi tu."

"Sasa hilo jicho unamkonyezea nani?" aliuliza Mama Loveth.

Tulicheka mpaka mchele ukamwagika. Lakini tulipotulia, Mama Loveth alisema ukweli wake. "Mama Imani, tucheke, ila mimi ndiye ninayelazwa chini. Kama mkanda unasaidia, mvalishe."

Nililifikiria jambo hilo kwa dhati, kwa sababu jirani yangu alikuwa na haki ya kuingia kwangu akiwa amesimama wima na kutoka akiwa wima.

Nikakumbuka utoto wangu. Mwalimu alinichapa mbele ya ubao kwa kushindwa kusoma silabi. Alitaka nijifunze silabi. Nilichojifunza mimi ni kuogopa ubao. Kila nilipouona, mgongo uliwasha, mpaka nikaacha shule. Nimeurudia ubao nikiwa mtu mzima, katika darasa la kisomo la alasiri, na hata hapo mwalimu wetu, Bi. Sesilia, alinivumilia muda mrefu kabla sijaweza kushika chaki bila kutokwa jasho.

"Hapana," nilimwambia Gabrieli. "Huyu hatavalishwa."

"Dada, mbwa hasomi ubao."

"Ndiyo maana sitaki. Hawezi hata kuniuliza kosa lake ni lipi."

Alinitazama kidogo, kisha akaurudisha mkanda mfukoni.

"Sawa, dada. Nimekuelewa."

Nilimwamini. Kwa nini nisimwamini?

Nikaanza kumfundisha Bonge kwa namna yangu. Mama Loveth alisimama nje ya geti na kusema hodi. Bonge akiruka, tulimgeuzia mgongo sote wawili. Akikaa chini, alipata dagaa mkavu mmoja. Mama Loveth aliifanya kazi hiyo kwa kunung'unika, lakini aliifanya.

Kabla ya mvua za masika kukolea, Bonge alikuwa akisikia hodi anakaa mwenyewe, mate yanamdondoka, mkia unafagia uani. Nilimpigia Imani simu nikamsimulia. Alicheka hadi akalia.

Halafu mambo yakageuka.

Alasiri moja nilirudi kutoka kisomo, nikasema hodi kama kawaida. Bonge hakukaa. Alijikunyata, akajikojolea.

Nikadhani anaumwa. Kesho yake ikawa vilevile. Jambo la ajabu ni kwamba mtu akiingia bila kusema lolote, Bonge hakujali. Mwenda kimya alipita. Mwenye adabu alionyeshwa meno.

Nilimpapasa shingoni nikakuta vidonda viwili vidogo chini ya manyoya, vinakaribiana.

"Gabi, hebu njoo uone."

Alichuchumaa, akatenganisha manyoya kwa vidole, taratibu kama muuguzi.

"Kupe hawa, dada. Masika haya wamezidi. Ngoja nimwogeshe."

Akamwogesha kwa dawa ya kupe. Nilisimama pale nikimshukuru. Niliona Bonge amebana mkia na anamtazama usoni, nikasema moyoni kwamba ni maji ya baridi.

Siku hazikupita nyingi, Mama Loveth alikuja na sahani ya mihogo ya kuchemsha.

"Hodi, Mama Imani."

Bonge alimng'ata mkono.

Tulimkimbiza zahanati, akafungwa jeraha na kuanza kuchomwa sindano za kichaa cha mbwa. Mjumbe wetu, Mzee Tomasi, alikuja jioni hiyohiyo akiwa na watu. Hakufoka. Alisema tu kwamba mbwa huyo aondoke mtaani au auawe, nichague.

Mama Loveth, mkono ukiwa kwenye bandeji, ndiye aliyeniuliza, "Tumekosea wapi? Si alikuwa anakaa?"



Gabrieli alinishika bega. "Niachie mimi, dada. Kule Mikumi kuna watu wana eneo kubwa, atakimbia atakavyo. Bora hivyo kuliko risasi."

Nikakubali. Alimpandisha kwenye gari la mizigo asubuhi, na yeye mwenyewe akaenda naye moja kwa moja, akasema amepata kibarua hukohuko.

Nilimweleza Imani kwa simu. Akasema, "Uliniahidi, Mama," akakata simu.

Tangu hapo alinijibu kwa maneno mafupi. Nzima. Namshukuru Mungu. Usiku mwema. Nilihisi nimepoteza wawili kwa mpigo.

Kila nilipomwomba Gabrieli nikamwone Bonge, alikuwa na sababu. Leo yupo kazini. Kesho mbwa anaumwa tumbo. "Mwache azoee kwanza, dada."

Mwezi wa sita shemeji yake Mama Loveth, dereva wa lori la miwa, alimwambia kwamba amemwona mbwa mwenye sikio moja jeupe kwenye nyumba ya wageni fulani pale Mikumi. Mama Loveth akaja kunieleza mwenyewe. "Nenda kamwone mwanao," alisema. "Ila usiniletee mkono mwingine wa kung'atwa."

Nikapanda basi Kilosa nikiwa na mfuko wangu wa dagaa, bila kumwambia Gabrieli wala Imani.

Ndipo nikasimama mbele ya lile geti na kusema hodi.

Mwenye nyumba, mama wa makamo aitwaye Upendo, alitoka akifuta mikono.

"Karibu, mama, pole. Usimwogope. Yeye ndiye anayekuogopa. Hapendi hodi. Ukiingia kimya wala hakugusi."

"Kwa nini hapendi hodi?"

Akaguna. "Ana historia mbaya. Alilelewa na mama mmoja huko Kimamba, mkatili sana. Eti alikuwa anamvalisha mkanda wa umeme, mgeni akipiga hodi tu, anambonyeza. Bahati nzuri mdogo wake ana huruma, ndiye aliyemwokoa. Tulikuwa tunatafuta mbwa mkubwa na mtu anayemjua mbwa huyo, tukampa yeye kazi ya getini. Alikuwa anatutumia picha tangu mwezi wa pili, anasema tusubiri kidogo, dada yake hajamwachia bado."

Tangu mwezi wa pili.

Nilikaa chini palepale kwenye kokoto.

"Mama, vipi? Nikuletee maji?"

Nilitikisa kichwa. Sikuweza kusema, na nadhani kutosema kwangu ndiko kulikosaidia. Nilifungua mfuko, nikaweka dagaa mmoja ardhini.

Pua ikatokeza chini ya pikapu.

Nikaweka mwingine karibu zaidi. Bonge akatambaa kwa tumbo, hatua na kusita, hatua na kusita, mpaka akafika. Hakula. Aliweka kichwa chake chote mapajani mwangu, akashusha pumzi ndefu.

Upendo alishika kiuno. "Mbona anakujua?"

"Mimi ndiye yule mama wa Kimamba," nikamwambia.

Kabla hajajibu, mlango wa stoo ukafunguliwa. Gabrieli akatoka akiwa na sare ya ulinzi na kishada cha funguo kiunoni. Aliponiona alisimama. Kisha mazoea yakamtangulia.

"Shikamoo, dada."

Bonge alilala chapa chini. Hakumtazama usoni. Alitazama zile funguo.

Na mkono wa Gabrieli ulikuwa tayari umezifikia. Katikati ya funguo ilining'inia ile rimoti nyeusi. Hata mkanda wenyewe mbwa hakuwa nao siku hiyo, lakini mkono ulikwenda wenyewe.

"Gabrieli," alisema Upendo polepole, "mkono huo unatafuta nini?"

Akauondoa.

"Dada, ngoja nieleze."

"Eleza."

"Ulipokuwa kisomo, Evance rafiki yangu alikuwa anasimama getini anapiga hodi, mimi nabonyeza. Mwanzo nilitaka kukuonyesha kwamba mtambo unafanya kazi. Na hawa walikuwa tayari wanamtaka. Nikaona alivyokaa kwa dagaa zako, nikajua hutamtoa kamwe."

"Kwa hiyo ukaendelea."

"Nilitaka kazi, dada. Ningekuomba ungenipa?"

"Hukuniomba."

Akainamisha kichwa. Nikamwuliza jambo moja tu. "Na wale kupe?"

Akazifunika funguo kwa kiganja.

Upendo alifungua geti wazi. "Mchukue mbwa wako, mama. Mimi mwenyewe hanifai. Wageni wangu wastaarabu wanamkimbiza chini ya gari, wezi wakija kimya atawatazama tu." Kisha akamgeukia Gabrieli. "Wewe, leta hizo funguo."

Gabrieli alinifuata mpaka barabarani. Alisimama mbele yangu, mrefu kama alivyo, na uso uleule niliokuwa nikiufuta kamasi.

"Dada, shikamoo. Niitikie basi."

Tangu nizaliwe sijawahi kuiacha shikamoo ya mtu ikianguka chini. Siku ile niliiacha.

Mzee Tomasi aliposikia yote alikubali Bonge arudi kwa masharti ya kufungwa. Imani nilimpigia simu nikaiweka sikioni mwa mbwa. Aliita jina lake mara moja, Bonge akalamba kioo, na Imani akaniambia, "Mama, nisamehe." Ni neno zito kuliko yote aliyokuwa amenipa tangu Mei.

Tumeanza upya, kama mtu anayerudishwa kwenye irabu. Mama Loveth anasimama mbali, ng'ambo ya barabara, ananong'ona hodi na kurusha dagaa. Wapita njia wanamcheka. "Mwacheni mwanafunzi wangu asome," anawajibu. Kuna siku Bonge anakula. Kuna siku anakimbilia nyuma ya simtanki la maji.

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni nikasikia sauti getini.

"Hodi, dada. Shikamoo."

Bonge akatoweka. Nami, nikiwa na mwiko mkononi, nikagundua kwamba nimerudi nyuma mpaka ukutani, na jasho linanitoka.

Ndugu zangu, maumivu hayafundishi kile anachokusudia mwenye kubonyeza. Yanashikamana na chochote kilichokuwa mbele ya macho wakati ule. Mimi niliogopa ubao. Bonge anaogopa hodi. Na sasa naogopa salamu ya mtoto niliyembeba mgongoni. Siku moja nitaitikia, naamini hivyo, lakini atasubiri kama Bonge anavyosubiriwa.

Kama unamjua mtu mwenye mtoto wa mbwa mtundu anayeulizia mkanda ule, mfikishie habari hii. Kama hajui kusoma, kaa naye umsomee kwa sauti.